Mvumo wa pimbi

Mjomba wangu ni mtu wa nyuki. Ana mizinga ya magome na michache ile ya kisasa, yote ameitundika msituni njia ya kwenda Sikonge, na mimi kila nikipata likizo naenda kumsindikiza, ingawa kazi yangu kubwa ni kubeba dumu la maji na kulalamika. Desemba iliyopita tukaenda kukagua mizinga, mvua ilikuwa na kama wiki tatu tangu ianze, njia matope matupu, mitundu imejaa majani, uyoga umetoka kila kona, mpaka tunafika kwenye jiwe letu la kupumzikia mimi hata nguvu ya kulalamika sina tena. Na nikisema jiwe watu wa Tabora mnanielewa, yale magranaiti makubwa kama nyumba, yamepandana utadhani kuna mtu alikuwa anayapanga halafu akaghairi akaondoka zake, na kwenye mipasuko ndo makazi ya pimbi, huwaoni ila unawasikia, na harufu ya mikojo yao unaipata vizuri sana.

Nikakaa, nikaegemea, nikashusha macho. Kwenye mpasuko chini kidogo ya goti langu kuna mivumo. Nasema mivumo kweli, ile miti jamii ya mnazi unayoiona ukielekea mbugani, shina limenyooka juu limefunguka majani kama upepeo wa kupulizia jiko la mkaa, ila hii yote ilikuwa mifupi kuliko kalamu. Kama shamba la mivumo la wadudu. Nikainama hadi pua ikakaribia kugusa jiwe. Kijiti chembamba kama sindano ya kushonea magunia, rangi ya majani makavu, juu yake vidole vya kijani vimetawanyika, na kila kidole ukikifuata kinagawanyika viwili, kisha kila kimoja kinagawanyika tena viwili. Nikakipapasa, kigumu kigumu, sio laini kama nilivyodhani.

"Mjomba, hiki kimmea kinaitwaje?"

Akaja, akakiangalia kwa muda mrefu kama mtu anayesoma barua. "Hicho? Mvumo wa pimbi."

"Kumbe kina jina!"

"Nimekipa mimi sasa hivi. Haya beba dumu twende."

Basi ndo jina nililonalo mpaka leo na nimelipenda, ila lile swali halikuniacha. Nikapiga picha kama 20, kufika mjini nikanunua bando nikaiweka moja kwenye programu ya simu ya kutambua mimea. Ikajibu kwa kujiamini kabisa kwamba ni mche wa mnazi fulani wa mapambo wa Asia. Nikaweka picha ya pili, ikasema ginkgo, mti wa China. Ginkgo! Kwenye jiwe la pimbi! Nikahamia grupu letu la WhatsApp la waliomaliza pamoja, huko nako mmoja akasema huo ni mlala mchanga, mwingine akasema ukindu, wakaanza kubishana wao kwa wao mimi wamenisahau, na bila shaka akatokea mmoja akasema hiyo ni dawa ya mgongo. Kwenye grupu lolote la Watanzania ukiweka picha ya jani lolote lile lazima atokee wa kusema ni dawa ya mgongo, hata ukiweka picha ya zulia.

Wazo la mche wa mvumo au mlala lilinikaa kichwani siku mbili hivi, mpaka nikakumbuka tulivyokuwa tunaokota mivumo iliyoota tukiwa watoto. Mvumo ukiota unatoa kwanza jani moja refu, halina vidole, limefungana kama upanga, na vidole vinakuja baadaye sana mti ukishakuwa na umri. Sasa hivi vya kwenye jiwe ni vifupi kama kidole changu na tayari vina vidole kamili, tena vingine vimezeeka kabisa chini vimekauka. Kwa hiyo hawa sio watoto wa mti wowote, hawa ni watu wazima, ni wafupi tu. Pimbi kweli kweli.

Nikampigia mwalimu wangu wa baiolojia, ameshastaafu analima zake mahindi na karanga. Shikamoo mwalimu, marahaba, habari za nyumbani, habari za shamba, tukamaliza hizo dakika kumi halafu nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho akauliza kitu kimoja tu.

"Umeligeuza jani?"

Picha 20 zote nimepiga kwa juu. Yaani zote.

Januari nikarudi, safari hii peke yangu kwa bodaboda, na mjomba akaniangalia kama mtu aliyerudi kudai pesa. Nikaligeuza jani. Chini, kwenye kila kidole, ukingo wa jani umekunjwa kwa ndani kama pindo la sketi, na ndani ya lile pindo mstari wa unga wa kahawia umeenda moja kwa moja mpaka karibu na ncha. Kidole hiki mstari, hiki mstari, vyote. Nikakata jani moja nikalilaza usiku kucha juu ya karatasi nyeupe nikalifunika na glasi, asubuhi nikainua, karatasi imechorwa mistari ya vumbi vya kahawia, umbo lile lile la vidole. Nikapiga picha nikamtumia mwalimu. Akajibu: "Kangaga."

Kangaga! Sasa hapa lazima nikiri kitu. Neno kangaga nilikuwa nalijua la darasani tu, lile la kujibu mtihani, kwamba ni mimea isiyo na maua, haina tunda, haina mbegu, inazaa kwa vumbi, basi. Kichwani mwangu kangaga ni lile jani refu limechanika chanika kama unyoya linaloning'inia kwenye vibaraza vya mahoteli. Wauza maua wa Dar wanaliita feni, niliwahi kuambiwa na mmoja barabarani "nina feni nzuri" nikamjibu kwangu umeme wenyewe wa mawazo. Na hata ukienda Kigoma, kwenye yale mabonde ya Gombe yenye vijito vinavyoteremka ziwani, makangaga utayakuta sehemu unayoitegemea, penye kivuli, penye ubaridi, maji yanatiririka. Hiyo sawa. Lakini Tabora? Juu ya jiwe? Sehemu ambayo mvua ikikata mwezi wa tano hatuioni tena mpaka wa kumi na moja?

Mwalimu akaniambia hilo ndo swali la maana kuliko jina. Akanikumbusha jinsi kangaga linavyozaliwa, na mimi nilishasahau yote. Lile vumbi likianguka penye unyevu halitoi kangaga moja kwa moja. Linatoa kwanza kimmea chembamba sana chenye umbo la moyo, hakifiki hata sentimita moja, kimelala chini kimejishikiza kwa vinyweleo. Hicho ndo kina mambo ya kike na ya kiume, na mbegu za kiume zina vimkia na zinaogelea. Zinaogelea kweli, zinahitaji maji, hata utando tu kama ule unaobaki kwenye sahani baada ya kusuuza, la sivyo hazifiki kwa mwenzake. Zikifika ndo linachipua kangaga unalolijua, na jani lake changa linatoka limejikunja kama mkia wa kinyonga, kisha linajikunjua taratibu. Makangaga yamekuwa yakifanya hivi kwa zaidi ya miaka milioni 350, kabla maua hayajakuwepo duniani.

Sasa mmea wenye mahitaji kama hayo unafanya nini juu ya granaiti?

Nililikalia lile jiwe siku nzima nikalielewa kidogo. Jiwe halinywi maji. Mvua ikinyesha msituni kila tone linazama pale lilipoangukia, udongo unakunywa, basi. Lakini mvua ikinyesha juu ya jiwe lenye ukubwa wa nusu uwanja wa mpira, yote inateremka, inatafuta pa kwenda, na pa kwenda ni mipasuko. Kwa hiyo mpasuko unapata mvua yake na mvua ya majirani wote. Hata kile kimvua cha dakika tano ambacho kwetu mjini kinatuliza vumbi tu, kwenye mpasuko ni mafuriko. Humo kuna udongo kidogo mweusi, majani yaliyooza, vinyesi vya pimbi, na nimeingiza kidole saa nane mchana jiwe kwa nje linaunguza makalio lakini ndani ya mpasuko kuna ubaridi kama mtungini. Halafu kuna moto. Msitu wetu unachomwa kila mwaka, Agosti Septemba unapita njia ya Sikonge moshi mtupu, nyasi zote zinaisha, lakini ndani ya jiwe hakuna nyasi za kuungua, moto unafika chini pale unageuza.

Ubavuni mwake kwenye mpasuko wa pili kulikuwa na kangaga lingine tofauti kabisa, vijani vya pembe tatu rangi ya kijivu-kijani, kijiti cheusi kinang'aa utadhani kimepigwa kiwi. Hilo mwalimu alilijua hapo hapo kwa picha, Pellaea calomelanos, na hilo calomelanos ni Kigiriki maana yake weusi mzuri. Nalo ni la mawe, wala halitaki kivuli sana kama mwenzake.

Ila huyu wangu jina lake la ukoo ni Actiniopteris, nalo la Kigiriki, miale na kangaga, kangaga la miale. Ukoo wenyewe una aina kama tano tu duniani, zipo Afrika, Madagaska, Uarabuni mpaka India. Kuna lile kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika Mashariki, lilianza kuchapishwa 1952 likaisha 2012, vipande vipande, humo Tanzania Bara imekatwa maeneo manane na sisi watu wa Tabora pamoja na Kigoma tunaitwa T4. Nilicheka sana, miaka yote hii naishi T4 sina habari.

Kugawa aina ndo kulinitesa. Aina inayozungumzwa sana ni radiata, na mimi nilishaamua ni radiata, nimeshaandika kwenye daftari na kalamu ya wino. Kwenye radiata majani yanayobeba vumbi na yasiyobeba yanafanana. Nikarudi kwenye picha zangu, nikakuza, nikakuza, nikaona kitu ambacho nilikuwa nakiona siku zote bila kukiona. Kila shina lina majani ya namna mbili. Kuna mafupi, yamejitandaza, upepeo mpana, na kuna marefu yamesimama katikati, kijiti kirefu, vidole vyembamba zaidi na vichache. Na vumbi lote, lile nililochora nalo karatasi, liko kwenye marefu tu. Mafupi ukiyageuza chini hamna kitu. Kazi zimegawanywa, mafupi yanakula jua, marefu yanasimama kwenye upepo kumwaga vumbi. Hiyo ni Actiniopteris dimorpha, na dimorpha maana yake ndo hiyo hiyo, maumbo mawili. Nikakata lile neno la wino. Mwalimu nikamtumia, akanijibu kidole gumba kile cha emoji, kwa mtu wa umri wake hiyo ni sawa na cheti.

Juni nikaenda tena, sasa mjomba ameshazoea, ananiita mgeni wa jiwe. Mvua imekata muda, nyasi zimekuwa za njano, na mivumo ya pimbi imeanza kujifunga. Nikaamua kuhesabu. Nikalizunguka jiwe lote na daftari. Upande wa Sikonge, yaani kusini, mashina 43. Upande wa Nzega, yaani kaskazini, sita, na hao sita wote walikuwa wamejificha chini ya jiwe lingine lililowaegemea. Nikarudia nikidhani nimeruka, ni vile vile. Nikakaa nikakuna kichwa, na jibu likanipiga usoni, maana jua la saa sita lilikuwa limeelemea upande wa Nzega. Sisi tuko kusini ya ikweta, mwezi wa sita jua linapita kaskazini yetu, kwa hiyo karibu kiangazi chote ubavu wa kaskazini wa jiwe unachomwa na ubavu wa kusini unabaki kivulini. Desemba jua linahamia kusini na ule ubavu wa Sikonge unapata mwanga wake, lakini wakati huo kuna mawingu na kuna mvua, kwa hiyo mwanga unakuja na maji pamoja. Ule mmea umechagua nyumba kama mtu anayejenga kwa kuangalia jua la jioni lisiingie chumbani. Sijachagua hivyo mimi mwenyewe, chumba changu saa kumi ni tanuri.

Agosti mjomba akapiga simu. Huwa hapigi, anabipu.

"Jiwe lako wanalipasua."

Nilifika kesho yake. Wanachoma magogo juu ya jiwe mpaka linapata moto, linapasuka lenyewe linatoa maganda, halafu nyundo, halafu nyundo ndogo, halafu kokoto, zinauzwa kwa ndoo kando ya barabara. Nusu ya upande wa Sikonge haipo. Siwezi kuwasema, sakafu ya nyumba yetu chini yake ni kokoto na sikumbuki siku tuliyouliza zimetoka jiwe gani. Kulikuwa na mama mmoja amekaa chini ya mwavuli uliotoboka anagonga, mguu amefunga kitambaa. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu. Nikaanza kupekua lundo lake la mawe makubwa ambayo hajayafikia.

"Unatafuta dhahabu?"

"Hapana mama, majani."

Akacheka mpaka akaweka nyundo chini. Ila akanisaidia kutafuta, na ndiye aliyepata, bonge la jiwe kama mkate wa bofulo, limepasukia pale pale kwenye mpasuko, na ubavuni limeng'ang'aniwa na shina moja la mvumo wa pimbi, limekauka kabisa, vidole vyote vimejikunja kwa ndani kama ngumi ya mtoto, rangi ya kahawia ya tumbaku. Ukiligusa linatoa sauti ya karatasi. Akaniuliza hicho kilichokufa unakipeleka wapi. Nikamwambia nyumbani. Akasema haya.

Nyumbani nikaliweka lile jiwe kwenye bakuli la plastiki, maji nusu, nikalinyunyizia na juu. Mama alikuwa anaanika matobolwa, akapita akaniuliza nimeanza lini uganga. Saa mbili usiku nikachungulia, bado ngumi. Saa nne nikachungulia na tochi ya simu, nikaona kama vidole viwili vimelegea, lakini nilikuwa nataka sana kuviona kwa hiyo sikujiamini. Nikalala.

Asubuhi ilikuwa imefunguka. Majani mawili ya chini yale yamekufa kweli, yamebaki kahawia, lakini matano ya juu yamenyooka, yamejitandaza, kijani kilichofifia kidogo kama nguo ya shule iliyofuliwa sana, na kufika saa nne kijani kimekolea. Mmea wa mahindi ukikauka vile hata uumwagie Ziwa Tanganyika lote haurudi. Mimea ya namna hii inaweza kupoteza karibu maji yake yote, inajijaza sukari ndani ya seli ambazo zinashikilia mambo yasivunjike, inazima, inasubiri, hata miezi. Kwa hiyo vile vitu vya kahawia nilivyokuwa nakanyaga kwenye mawe kila kiangazi tangu nina miaka saba havikuwa vimekufa. Nilimwita mama aje aone. Akaja na kijiko cha mboga mkononi, akaangalia bakuli, akaniangalia mimi, akaangalia bakuli tena, akasema jana si kilikuwa kimekufa? Akamwita na jirani.

Kwenye bakuli hakiwezi kukaa, kitaoza, hiki sio kitu cha kumwagilia kila siku. Nyuma ya nyumba msingi wetu ni wa mawe, kuna sehemu saruji imedondoka imeacha ufa wa vidole vitatu, na kwa bahati ni ukuta wa kusini. Maji ya bati yanashukia karibu pale mvua ikinyesha. Nikachomeka lile jiwe lote lilivyo, nikajazia pembeni na udongo mweusi niliochota kwenye mpasuko kule kule, na vinyesi vya pimbi kidogo, mama sijamwambia. Siku ya nne kikajikunja tena ngumi. Nimekiacha hivyo hivyo, simwagilii.

Mvua bado haijaanza. Jana kuku amekipekua mara moja, nimeweka tofali mbili mbele yake.